KUWEKA MOTERE YA TURBO NDANI YA GARI YA ZAMANI: TUANZE NA RADIATERI



Mara nyingi, nikipita kati ya meza wakati wa etidi ya jioni, ninakuta daftari za hesabu zenye picha za gari. Pembeni mchoraji ameandika kwa herufi kubwa: TURBO. Sijanyang'anya daftari hata moja, maana mimi mwenyewe nilichora hivyo nilipokuwa mwaka wa kwanza. Lakini juma lililopita vijana wawili wa mwaka wa nne waliniuliza: "Kapita, kama mutu iko na gari ya zamani na makuta kidogo, anaweza kuweka motere ya turbo?" Nikawajibu: ndiyo, anaweza. Halafu nikawaambia kwamba hilo ni swali la pili, na swali la kwanza hawajaliuliza. Somo hili ni juu ya swali la kwanza.

1. GARI YA BABA MDOGO

Baba mdogo wangu alikuwa na Toyota Hilux ya zamani yenye motere 3L. Ni motere ya mazutu isiyo na turbo, ya lita 2.8. Kwa gari hiyo alibeba viazi, kabichi na makala, na ndani ya gari hiyo ilitoka minervali yangu na ya dada zangu wawili. Gari ilikuwa nzuri, lakini ikipanda mlima na mzigo, wenye miguu karibu waipite. Akasikia habari ya motere 1KZ, ya lita 3 yenye turbo. Akakusanya makuta, akauza mbuzi, akakopa kidogo. Makuta yote yakaishia kwa motere. Fundi akaifunga mahali pa ile ya zamani, na radiateri ikabaki ile ile. Baba mdogo alipouliza, fundi alimjibu: "Radiateri iko mzima, haitoboki, ya nini kununua ingine?"

Miezi michache tulifurahi kweli. Gari ilipanda kama haina kitu nyuma.

Kisha Nyiragongo ikalipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 asubuhi serikali ikaamuru watu wa sehemu kubwa ya mji wahame. Wengi tulichukua barabara ya Sake, kilometa kama 25. Wenye kuwa hapa siku ile wanakumbuka: gari, pikipiki, chukudu, mbuzi na watu wa miguu, wote barabara moja. Nilikuwa na miaka 13. Nyuma ya Hilux tulikuwa watu kumi na wanne na magodoro, na nyanya yangu amekaa mbele. Tulitembea hatua mbili, tukasimama. Hatua mbili, tukasimama. Karibu na Mugunga mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu, na mvuke ukatoka chini ya kapoo.

Baba mdogo alikuwa na hofu kwa ajili yetu, akafungua kifuniko cha radiateri wakati ule ule. Maji ya moto yalimrukia mkono wote wa kuume. Halafu tukamimina ndani maji baridi. Yalikuwa maji yetu ya kunywa, bido mbili, tuliyobeba kwa ajili ya safari. Motere ilinguruma kidogo, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Kulasi, yaani kichwa cha motere, ilikuwa imepasuka. Nyanya akatembea kwa miguu mpaka Sake, akishikwa mikono pande mbili, na sisi bila maji.

Siandiki haya ili kumcheka baba mdogo. Ni yeye aliyeniruhusu niandike. Alisema: "Waambie watoto, motere si gari."

2. TURBO INAFANYA KAZI GANI?

Motere inachoma mazutu kwa hewa. Ukitaka nguvu zaidi, uchome mazutu zaidi, lakini mazutu bila hewa ya kutosha yanatoa moshi mweusi tu. Basi shida kubwa ya motere ni kupata hewa.

Motere isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi. Motere yenye turbo inasukumiwa hewa. Moshi unaotoka kwenye motere ungali na moto na mwendo mkubwa. Turbo inautumia moshi huo kuzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mfupi na gurudumu la pili, ambalo linashindilia hewa safi kuingia katika motere. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Kumbukeni neno hilo, mafuta, tutalirudia.

Mambo haya si mapya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1905. Mwaka wa 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka motere ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya meta 4,000, apate kuonyesha kwamba turbo inairudishia motere nguvu inayoipoteza mahali pa juu. Alifaulu. Basi tangu mwanzo turbo ilikuwa na habari na milima, na habari hiyo inatugusa sisi wa Goma.

3. KWA NINI GARI INACHOKA HAPA KWETU

Mji wetu uko juu ya bahari kwa meta karibu 1,500. Kwenye usawa wa bahari, kwa mfano kule Muanda, hewa inakandamiza kwa bar 1.01. Hapa kwetu ni kama bar 0.84. Kwa hiyo kila lita ya hewa ya Goma ina uzito pungufu kwa karibu 15 kwa 100.

Tufanye hesabu. Motere 3L ina lita 2.78. Hapa inapata hewa sawa na motere ya lita 2.78 × 0.85 = 2.36 kule Muanda. Yaani mutu amenunua motere ya lita 2.8, lakini hapa anatembeza ya lita 2.4, na kodi na mzigo havikupungua!

Tuseme sasa turbo inaongeza bar 0.6. Tunapata 0.84 + 0.6 = 1.44. Ukigawa 1.44 kwa 0.84, unapata 1.7. Hewa inayoingia ingezidi kwa 70 kwa 100, kama isingepata moto kwa kushindiliwa. Lakini inapata moto (jaribuni pompi ya baiskeli, mtasikia joto mkononi), na hewa ya moto inatanuka. Ndiyo sababu motere nyingi za turbo zina radiateri ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia.

4. SWALI LA KWANZA: JOTO LITAENDA WAPI?

Hapa ndipo fasi baba mdogo alipoanguka. Kwa kadiri, katika joto lote la mazutu, theluthi moja inageuka kuwa kazi, theluthi moja inatoka na moshi, na theluthi moja inaingia katika maji ya radiateri. Hesabu si kamili, lakini inatosha kwa kufikiri.

Motere 3L inatoa nguvu za farasi kama 90. Motere 1KZ inatoa kama 125. Kazi ikiongezeka kwa karibu 40 kwa 100, na joto la kuingia katika maji linaongezeka vilevile. Radiateri ile ya zamani haikutoboka, ni kweli, fundi hakusema uongo. Lakini ilitengenezwa kwa joto la farasi 90. Kwenye barabara wazi upepo uliificha shida. Siku ya msongamano hakukuwa na upepo, na shida ikajionyesha.

Kulasi ya 1KZ ni ya aluminyumu juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Aluminyumu inatanuka kuliko chuma. Ikizidi joto inapinda au inapasuka, na ukiimiminia maji baridi ingali na moto, unaimaliza kabisa.

Basi swali la kwanza si "nitapata wapi motere?" Swali la kwanza ni hili: gari hii inaweza kubeba joto, nguvu na mwendo wa motere hiyo? Kama jibu ni hapana, tengeneza kwanza hayo.

5. KUCHAGUA MOTERE

Wengine wanasema: tuongeze turbo juu ya motere ile ile ya zamani, ni rahisi zaidi. Angalieni jinsi Toyota wenyewe walivyofanya kwa Land Cruiser. Motere 1HZ na 1HD-T zote ni za lita 4.2 na silinda sita. Lakini 1HD-T yenye turbo haikuwa 1HZ iliyobandikwa turbo tu. Hata namna ya kunyunyiza mazutu ndani ni nyingine. Ndiyo sababu, kwa mwenye makuta kidogo, motere iliyozaliwa na turbo mara nyingi ni salama kuliko ile ya kubandikwa.

Motere za okazi zinatoka Japani na kupita Mombasa au Dar es Salaam, na nyingi zinauzwa Kampala, kama vile soko la Kisekka. Ukienda kununua, au ukimtuma mtu, angalia haya:

(a) Ile 1KZ-T inaongozwa na pompi ya mazutu ya kawaida. Ile 1KZ-TE inaongozwa na kompyuta. Ukinunua ya pili bila kompyuta yake na nyaya zake zote, umenunua chuma. Kwa gari ya zamani ile ya kwanza inafaa zaidi.

(b) Ukiweza, nunua gari iliyokatwa nusu ya mbele, si motere peke yake. Unapata radiateri yake, feni yake, mabomba, nyaya na bwati ya vitesi. Bei inaonekana kubwa, lakini kuokota kipande kimoja kimoja ni bei zaidi.

(c) Omba iwashwe ikiwa baridi. Moshi mweusi ni mazutu mengi au hewa haba. Moshi wa buluu ni mafuta ya motere yanaungua. Moshi mweupe usiokwisha, wakati motere imekwisha kupata joto, ni shaka ya maji kuingia ndani. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, shika njia urudi nyumbani.

(d) Motere ikiwa imezimwa na imepoa, toa bomba la hewa na ushike mhimili wa turbo kwa vidole. Kuyumba kidogo sana si kosa. Lakini mapanga yakigusa ukuta, turbo hiyo imekufa.

(e) Gari za Japani zina usukani kuume, na zetu nyingi kushoto. Pima kwanza kama turbo na bomba la moshi havitagusa mhimili wa usukani.

(f) Daima dai karatasi ya muuzaji yenye namba ya motere, na uibadilishe namba hiyo kwenye karatasi za gari. Bila hiyo, barabarani unaweza kuitwa mwizi wa kitu ulichonunua.

6. NGUVU ZA KUSIMAMA

Wavulana wanauliza gari itakimbia namna gani. Hakuna anayeuliza itasimama namna gani. Tuchukue Hilux yenye mzigo, kilo 2,500. Mnajua kanuni ya mwaka wa tano: nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Kwa kilometa 60 kwa saa tunapata kilojuli 347. Kwa kilometa 80 kwa saa tunapata kilojuli 617. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini kazi ya freni imeongezeka kwa karibu 80 kwa 100! Na kazi hiyo yote inageuka joto kwenye diski na tamburi zile zile za zamani.

Mtu anayeshuka Kabasha, kutoka Kanyabayonga kwenda Rwindi, anajua ninachosema. Freni zikipata moto sana, mguu unakanyaga na gari haisikii. Turbo haisaidii kushuka. Kwa hiyo gari ikipata motere ya nguvu, ipate pia plaketi mpya, maji mapya ya freni, mabomba ya mpira yasiyopasuka, na mipira ya magurudumu yenye meno. Na dereva ashuke kwa vitesi ndogo, motere imshikie gari.

Tena kuna ambreyaji. Nguvu ya kuzungusha ya 3L ni kama Nm 190, ya 1KZ ni kama Nm 290, yaani mara moja na nusu. Ambreyaji ya zamani itateleza na kunuka. Ni vizuri bwati ya vitesi na ambreyaji yake vije pamoja na motere, halafu kardani ipimwe upya.

7. KUGAWA MAKUTA

Baada ya kuuliza mafundi watatu na mwalimu wetu wa fizika, niliandika mgawo huu. Chukua makuta yote kuwa 100:

Motere, turbo na bwati: 40.
Freni na mipira ya magurudumu: 20.
Radiateri, feni na mabomba ya maji: 15.
Ambreyaji, kardani, miguu ya motere na bomba la moshi: 10.
Mafuta, filtri, nyaya na saa ya joto: 5.
Akiba ya mambo usiyoyajua: 10.

Mgawo huu si sheria. Mtu mwenye freni mpya tayari atabadilisha. Lakini ukiona motere peke yake inakula 80 au 90, simama. Huna makuta ya kubadilisha motere, una makuta ya kununua motere tu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kama vile yule wa mfano katika Injili, aliyeanza mnara bila kuketi kwanza kuhesabu, utabaki na msingi na kucheka kwa watu.

Na utaratibu wa kununua uwe hivi: freni kwanza, radiateri ya pili, motere ya mwisho. Mtu akinunua motere kwanza hawezi kungoja. Ataifunga, hata kama mengine bado. Mimi niliona.

8. BAADA YA KUIFUNGA

Mafuta ya motere yabadilishwe mapema kuliko zamani, maana mafuta hayo hayo yanabeba mhimili wa turbo. Baada ya kupanda mlima usizime motere mara moja. Iache inguruma polepole dakika moja au mbili, mafuta yazidi kupita, turbo ipoe. Chujio cha hewa kisafishwe mara kwa mara, kwa sababu vumbi letu la volkano linakwaruza kama msasa. Weka saa ya joto inayosema kweli, tena uitazame. Mshale ukipanda, simama kando. Motere ikiwa inachemka, usifungue kifuniko mpaka kipoe kabisa, hata kama watu wanapiga kelele, hata kama mlima unawaka nyuma yako. Mkono wa baba mdogo mpaka leo haunyooki sawasawa.

KUMALIZA

Rafiki zangu, simkatazi mtu kuota. Turbo ni chombo kizuri, na kwa milima yetu inafaa kuliko kwa watu wa pwani. Lakini tusiwe watu wa kusifu nguvu na kusahau kitu kinachoishikilia nguvu.

Mkija nyumbani kwetu mtaona radiateri kubwa ya 1KZ imeegemea ukuta wa sebule, imefunikwa kitenge. Iko pale tangu mwaka jana. Karibu yake kuna sanduku la plaketi za freni. Wageni wanauliza motere iko wapi. Baba mdogo anawajibu: "Itakuja. Kwanza fasi yake."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Motere ya lita 3 isiyo na turbo iko Goma. Ni sawa na ya lita ngapi kule Muanda?
2. Gari ya kilo 2,000 inashuka meta 500. Tafuta ni kazi gani freni zingefanya kama motere haisaidii. (Chukua g = 9.8.)
3. Kwa nini radiateri isiyotoboka inaweza kuwa mbaya?
4. Fundi anakuambia: "Tufunge leo, freni tutaona kesho." Umjibu nini? Andika sentensi tatu.

Majibu mniletee kabla ya etidi ya Ijumaa. Atakayepata yote manne nitamruhusu achore gari moja ndani ya daftari, lakini achore na freni.

Ni mimi, kapita wenu, mwaka wa sita